Jiko la Mama Mkwe

Mkwe habishiwi. Hilo nililijua tangu siku ya mahari, ila sikujua kama litakuja kunitolea roho.

Mama mkwe alitoka Ushirombo akaja kwangu hapa Masumbwe mwezi wa saba, wakati upepo wa usiku unapenya chini ya mlango kama mtu anayekudai. Kufika tu, baridi. Nikampa blanketi langu. Akasema linanuka panya. Usiku wa pili akamwita binti yake: "Mama Kulwa, ingizeni jiko huku ndani, wajukuu zangu wanatetemeka." Wajukuu wenyewe, Kulwa na Doto, walikuwa vifua wazi wakifukuzana.

Nikajikaza. "Mama, basi tuache dirisha wazi kidogo."

"Baba, moshi umeshaisha, mkaa umekolea. Dirisha la nini, la wezi?"

Nikanyamaza. Na yale matundu ya hewa juu ya dirisha nilikuwa nimeyaziba mwenyewe kwa matambara, katika vita vyangu na mbu.

Alfajiri kichwa kilikuwa kinasaga kama karasha la mawe. Doto anatapika. Mama mkwe akainuka kwenda kuinjika uji, miguu ikagoma, akaketi pale pale mlangoni. "Mmeona? Jinamizi limetukaba wote. Kuna mtu mtaani hapa hatupendi." Nikaanza kuwahesabu. Mimi nina madeni, orodha ilikuwa ndefu.

Kwenye kituo cha afya, tabibu hakuuliza habari za majirani. Aliuliza, "Mlilala na jiko?" Mama mkwe akaitazama dari. Tukavalishwa oksijeni. Nikamwonyesha tabibu kile kibanio cha kidoleni cha kupima oksijeni, kinasoma 98, kwa hiyo mimi ni mzima. Akacheka. Kibanio hicho hudanganywa: huiona damu iliyojaa kaboni monoksaidi sawa na damu iliyoshiba oksijeni. Hewa hiyo haina rangi wala harufu, na huing'ang'ania damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Makaa mekundu, yasiyofuka hata kidogo, yanaitoa usiku kucha. Miaka yote tunaukimbia moshi unaotutoa machozi, halafu chenye kuua tunakikaribisha kilale nasi.

Anayeniudhi zaidi ni jirani yangu mwenye duara, shimo la kuchimba madini. Mwambie ashushe mota ya petroli shimoni kunyonya maji, atakutukana, maana anajua hewa hiyo hiyo kwenye moshi wake inavyomaliza watu kule chini. Akirudi kwake analala na jiko miguuni. Eti duarani ni kazini, nyumbani ni nyumbani.

Yeye ndiye aliyetusimulia kwamba Waingereza walikuwa wakiingia migodini na ndege aitwaye kanari; ndege akianguka, watu mbio juu. Waliwastaafisha ndege hao 1986 wakabaki na vifaa vya kupimia hewa. Mama mkwe aliposikia, akaamuru jogoo alale na sisi. Kalala siku mbili. Hewa hajapima, ila saa tisa za usiku anawika sikioni mwangu.

Mtungi wa gesi tunao, wa kilo 6. Mama Kulwa kauvisha kitambaa cha kufuma. Gesi ni ya wageni. Nikamsomea mama mkwe kwamba serikali ilizindua mkakati Mei 2024, na ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi. Akasikiliza hadi mwisho, akauliza, "Hapo wamesema kupika, baba. Baridi wameisemaje?"

Sikuwa na jibu, na bado sina.

Matambara nimeyatoa. Jiko linalala nje, mbu wanalala ndani, na blanketi langu bado linanuka panya. Mama mkwe kasema anakaa mpaka mwezi wa tisa. Mwenye blanketi zito la kuuza, aje nyumbani tuelewane bei. Apite mlango wa nyuma. Wa mbele kalala jogoo.