Nilivyomnunua Jogoo Wangu Mwenyewe

Ndugu msomaji, kama umeoa kwenye familia ya Kilutheri ya Marangu, vuta kiti tulie pamoja. Kama hujaoa, vuta kiti vilevile, ujifunze kabla hujapeleka mahari.

Nyumbani kwangu hapa Moshi kuna wakubwa wanne, na mimi simo. Wa kwanza ni mke wangu, Mama Eliya. Ndiye mweka hazina wa jumuiya, yumo kwaya ya akina mama, na funguo za stoo ya kanisa zinalala kwenye mkoba wake. Akiwa mbali tunamwita Mama Usharika. Wa pili ni mama mkwe, aliyekuja kutibiwa goti. Goti likapona, yeye akabaki. Huyo ni Baba Askofu. Wa tatu ni Shemeji Haleluya, ambaye sala ya chakula huisema kwa sauti kubwa kuliko mchungaji, kijiko kikiwa tayari mkononi. Wa nne alikuwa jogoo, Kengele, jina alilopewa na Eliya kwa sababu ya kutuamsha kabla ya kengele ya kanisa.

Tangu karakana niliyokuwa nachongea milango ifungwe, tunakula kwa vitumbua vya Mama Eliya. Kwa hiyo Kengele nilikuwa nimeshampigia hesabu: nimpeleke soko la Mbuyuni, nirudi na unga, sabuni na nauli ya kutafutia vibarua. Hesabu hiyo sikumwambia mtu. Nyumba hii ukitaja mali yako kwa sauti, inaombewa.

Jumapili ya mavuno ikafika. Nikamkuta Baba Askofu sebuleni na kitenge chake cha kanisani, amempakata Kengele, miguu imefungwa kwa kamba ya katani.

"Shikamoo, Mama. Huyo anakwenda wapi?"

"Marahaba, mwanangu. Anakwenda kwa Bwana."

Nikakimbilia jikoni kukata rufaa. "Mama Eliya, unga uliobaki haufiki Jumatano!"

Hata hakugeuka. "Baba Eliya, kwani mjane wa Sarepta alikuwa na karakana?"

Nikaishiwa. Yule mjane alibakiwa na konzi ya unga na mafuta kidogo, tena wakati wa njaa, na nabii Eliya akamwambia aanze kumpikia yeye. Akampikia, na unga haukuisha. Jina la mtoto nililichagua mwenyewe, tena kwa mbwembwe, siku ambazo mfukoni mlikuwa na kitu. Sasa nalipia.

Darasa la kipaimara tulikaririshwa Katekisimo Ndogo ya Luther, ile ya 1529, lakini hakuna mwalimu aliyetuambia habari za nyumbani kwake. Alimwoa Katarina von Bora mwaka 1525, mwanamke aliyekuwa mtawa, wakakaa kwenye majengo ya ile monasteri ya zamani pale Wittenberg. Katarina ndiye aliyefuga mifugo, akapika bia na kulisha wanafunzi waliojaa humo ndani. Luther mkono wake haukushika pesa, naye alimwita mkewe "bwana wangu Katarina". Angalau kwao mmoja alitoa na mwingine akashika hesabu. Kwangu wote wanatoa, na mimi nashika kichwa.

Baada ya ibada tukatoka nje kwenye mnada. Unaujua mnada wa kanisani: mkungu wa ndizi unanunuliwa, mnunuzi anamtunza mchungaji, mchungaji anaurudisha, unauzwa tena. Trei moja ya mayai inaweza kulipia bati kadhaa na bado ikarudi nyumbani na mwenyewe. Mzee wa kanisa akamwinua Kengele juu. Kengele, ambaye hajui liturujia, akawika.

Pale kwenye mstari wa Sunday school Eliya akaangua kilio. "Kengele wetu! Baba, Kengele!"

Usharika mzima ukageuka. Ungefanya nini? Nikanyoosha mkono. "Elfu ishirini!"

"Elfu ishirini na tano!" ikajibu sauti nyuma yangu. Nikageuka. Shemeji Haleluya! Mtu anayelala kwenye kochi langu na kudaiwa hadi vocha, anapandisha dau kwa furaha ya Roho. Tukapandishana hadi elfu arobaini, Baba Askofu akitupigia vigelegele wote wawili bila upendeleo. Nikashinda. Katibu akaandika jina langu kwenye daftari, upande wa wadaiwa, na Kengele akarudi nyumbani kifuani mwa Eliya.

Jioni Shemeji akaja na jani la sale. Kwa Wachagga mtu akikuletea sale humkatalii msamaha, na yeye analijua hilo, ndiyo maana amelipanda karibu na mlango.

Jumamosi alfajiri jumuiya ikasali kwetu. Nilikuwa nahofia chai ya watu wote wale. Baada ya Baba Yetu, hakuna aliyesimama kutangaza chochote. Mama mmoja akasogeza mfuko wa unga chini ya meza kwa mguu. Mwingine akaacha galoni ya mafuta mlangoni kama aliyeisahau. Mzee wa mnada akaninong'oneza kwamba banda la kanisa linahitaji milango, na usharika utalipa, ukikata ile elfu arobaini. Kumbe sauti yangu pale mnadani waliisikia inavyotetemeka.

Nilitaka kushukuru, koo likagoma. Walipoondoka nikauvuta ule mfuko niupime uzito. Sikuwahi. Mama Eliya alikuwa ameshaufungua, anachota nusu kwenye ndoo.

"Hii ya yule bibi mjane wa kule chini, anayelea wajukuu. Vaa viatu, Baba Eliya, kabla jua halijawa kali."

"Na Kengele?" nikauliza, maana nilimwona Baba Askofu anaitafuta ile kamba ya katani.

"Kengele ana Pasaka," akasema mama mkwe.

Nikavaa viatu.