Sifa za Lampu Iliyochoka

Kila kiumbe chenye bahati kina wa kukisifu. Simba ana wake, mfalme ana wake, na huku Katanga Waluba wana kasala, ambamo mtu huitwa kwa majina ya babu zake mmoja baada ya mwingine mpaka mgongo unyooke wenyewe. Lampu ya ampli ya gita haijapata kuitwa hivyo. Kamalondo na popote pengine Lubumbashi ambapo ampli ya zamani bado inalisemesha gita kanisani au baa, lampu hutajwa kwa kusonya tu. Inaunguza vidole. Ikiponyoka mkononi, imekwisha. Inachoka usiku wa harusi, haichoki Jumatatu asubuhi. Na moja ya zile kubwa ikifa, desturi inataka wenzake wa safu ile wang'olewe pamoja nayo, wazima kwa wagonjwa. Hiyo hiyo ndiyo ninayokuja kuisifu, pamoja na karaha yote ya kuibadilisha, na hoja yangu ni moja: chombo kinachokufa kidogokidogo, waziwazi, kwa vipande vinavyochomoka kwa mkono, kina heshima kuliko kile kisichosumbua mtu mpaka siku kinapokufa chote.

Kasala huanza na nasaba, nasi tuanze hapo. Mwaka 1904 Mwingereza John Ambrose Fleming alitengeneza lampu iliyoruhusu mkondo wa umeme kupita upande mmoja tu. Mwaka 1906 Mmarekani Lee de Forest akaiongezea kipande cha tatu katikati, na kwa nyongeza hiyo ndogo lampu ikaja kuweza kukuza: mkondo hafifu ukiingia, mkondo mkubwa wenye umbo lile lile unatoka. Élisabethville, mji tunaouita leo Lubumbashi, ulianzishwa mwaka 1910. Kwa hiyo lampu ni mkubwa wa mji huu kwa umri, na adabu yetu inajulikana: mkubwa hafukuzwi barazani kwa sababu tu anakohoa. Mwaka 1947 maabara ya Bell huko Marekani ilileta transista, na kidogokidogo dunia ikamwandalia mzee matanga. Redio zikamwacha, televisheni zikamwacha, kompyuta zikamwacha. Wapiga gita hawakumwacha, na leo wangali wanamnunulia dawa.

Tazama sasa tabia yake. Lampu haifi kwa siri. Ndani ya kioo, kwa kawaida juu kabisa, kuna doa linalong'aa kama fedha. Ni bariamu iliyopakwa ili inase hewa yoyote inayobaki. Kioo kikipata ufa, doa lile hugeuka jeupe kama maziwa, na huhitaji shule ya ufundi kujua kwamba mgonjwa ameshaondoka. Lampu ndogo ya mbele, ile inayoitwa ECC83, ikilegea ndani, igonge taratibu kwa kalamu ya risasi huku ampli ikiwaka: spika italia kengele, na mshtakiwa amejitaja mwenyewe. Lampu kubwa ya nyuma, mathalani EL34, ikizidiwa, bamba lake la chuma huwa jekundu mbele ya macho yako, nawe una muda wa kuzima. Ikizeeka tu bila ajali, sauti nyembamba za gita hupungua makali, besi hulegea, na mpigaji hujiona yeye ndiye aliyechoka. Ni vyombo vingapi nyumbani mwako vinavyokueleza ugonjwa wao kwa rangi, kwa mlio na kwa mwanga?

Na kazi yenyewe ya kubadilisha ina mafunzo yasiyopatikana bure. Kwanza ni kuchomoa waya ukutani, kisha kungoja, kwa sababu ndani ya ampli mna volti mia nne na zaidi, na kapasita zake huziweka hata baada ya moto kukatwa. Fundi mwenye akili huzimwaga kwanza, halafu anapima, ndipo anapoingiza vidole. Lampu hushikwa kwa kitambaa na kuvutwa wima, ikitikiswa kidogo tu. Soketi husafishwa vumbi na kutu. Lampu mpya ya EL34 ina miguu minane na kigingi katikati kinachokataa kuingia vibaya, hivyo hata mwenye haraka hulazimishwa kutumia macho. Kisha, kwenye ampli nyingi kubwa, huja hesabu. Bamba la EL34 limeruhusiwa kubeba wati 25, na mafundi wengi husimama kwenye asilimia 70, yaani wati 17.5. Volti zikiwa 450, mkondo unaotakiwa ni karibu miliampia 39 kwa kila lampu. Hapo bisibisi inazungushwa taratibu, jicho likiwa kwenye mita. Kijana akifanya hivyo mara chache tu, anakuwa amejua umeme zaidi ya mtu aliyebadilisha simu tano.

Najua atakayeinuka wa kwanza: mwenye mfuko. Atasema lampu hizi hazitengenezwi kwetu, na atasema kweli. Zinatoka Saratov nchini Urusi, Čadca nchini Slovakia, na China. Viwanda vilivyobaki ni vichache mno, kiasi kwamba Machi 2022, baada ya vita vya Ukraine kupamba moto, habari kwamba Urusi imezuia kuuza lampu nje ilitosha kupandisha bei duniani kote. Lakini tuulize pia mgeni huyu anaingia katika nyumba ya nani. Transfoma ya ampli imezungushwa waya wa shaba. Viungo vyake vimelehemiwa kwa bati, madini yaliyochimbwa kwa miaka mingi Manono, kaskazini mwa Katanga. Spika nyingi za zamani zina sumaku ya alniko, yaani alumini, nikeli na kobalti, na kobalti ni jina la pili la Katanga. Mwaka 1978 vita vya Shaba, jina la Katanga wakati ule, vilipofika mji wa migodi wa Kolwezi, bei ya kobalti ilipanda mara kadhaa, na watengenezaji wa spika, JBL ya California wakiwamo, wakahamia sumaku za feraiti. Risasi za Kolwezi zilibadilisha spika za Marekani. Madini yetu huondoka kwa malori na kurudi yamefungwa ndani ya vitu ambavyo mwenye navyo haruhusiwi hata kuvifungua. Ampli ya lampu ni mojawapo ya vichache vinavyorudi na mlango. Bei ya lampu nne ni bei ya kuendelea kuwa na ufunguo.

Wa pili kuinuka ni mwenye mita ya umeme. EL34 nne hunywa karibu wati 38 kwa kujipasha moto tu, kabla ya noti hata moja kusikika, na hili katika mji unaojua kiza kuliko watengenezaji wa lampu wanavyokijua. Umeme wenyewe una historia: mitambo ya Mwadingusha kwenye mto Lufira ilianza kazi mwaka 1930 kwa ajili ya kampuni ya migodi ya Union Minière, na waya wa kutoka mitambo ya Inga kwenye mto Kongo, wa kilomita 1,700 hivi, ulivutwa kwanza kwa ajili ya migodi. Gita halikuwamo katika hesabu. Ubadhirifu huo siukatai. Ninachosema ni kwamba lampu hulipa kwa ukweli. Volti za ukutani zikishuka kutoka 220 hadi 180, waya wa kupashia moto, uliotengenezwa kwa volti 6.3, hubaki na 5.2 hivi, lampu hufifia, sauti hunywea, na kila aliyepo huona kwamba kosa liko kwenye nguzo, haliko kwenye vidole vya mpigaji. Umeme ukirudi kwa kishindo, mshtuko mfupi unaoweza kuua transista papo hapo mara nyingi lampu huusamehe.

Wa tatu ndiye mwenye hoja nzito. Atasema: kwa nini tusiache vyote? Karindula yetu ni pipa, ngozi ya mbuzi na nyuzi, haidai lampu wala waya. Na mpiga gita wetu Jean-Bosco Mwenda aliishangaza dunia kwa gita kavu, lisilo na umeme. Sawa kabisa. Ila mtafiti wa muziki Hugh Tracey alipomrekodi Mwenda huko Jadotville, Likasi ya leo, mwaka ulikuwa 1952, na redio ya kwanza ya transista ilikuja kuuzwa mwaka 1954. Gita lile kavu lilipita kwenye lampu ili linaswe, na kwenye redio za lampu ili lisikike mbali na Jadotville. Mzee huyu alikuwapo hata pale asipotajwa. Kuhusu ampli ya transista, ni nyepesi, haina joto, na fundi hodari anaweza kuitibu ile ya zamani. Ila zile za leo, zenye vipande vidogo kuliko punje ya ulezi, zikifa huwa hazina kidonda cha kuonyesha. Fundi hutikisa kichwa, na mwenye nayo huenda kununua nyingine.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii: lampu ni ghali, ni ya moto, ni ya kigeni na ina kiburi, na kwa sababu hizo zote inastahili heshima, maana usumbufu wake unatibika na tiba yake hubaki mikononi mwa watu wa mtaa. Wewe mwenye ampli, nunua jozi ya akiba kabla ya msimu wa harusi, usiguse ndani ya ampli kabla kapasita hazijamwagwa, na fundi akimaliza kupima, umlipe bila kubishana.