Dalali Kasifiwa kwa Kizungu

DALALI: Oneni wenyewe! Yule mpangaji wangu Mwingereza kaniandikia meseji, anasema mimi ni "shrewd".

BODABODA: Kwani ulimfanya nini, kaka?

DALALI: Nilimtafutia nyumba, nikachukua udalali wangu wa mwezi mmoja. Nikamletea fundi bomba, nikakata changu. Nikamletea mlinzi...

MAMA NTILIE: Ukakata chako.

BODABODA: Mwalimu, hilo si tusi kweli?

MWALIMU MSTAAFU: Siku hizi ni sifa. Mtu mwenye jicho, hauziwi mbuzi kwenye gunia. Ila zamani lilikuwa na maana ya mwovu. Limetokana na "shrew", yaani kirukanjia.

DALALI: Mimi kirukanjia?

MAMA NTILIE: Baba, punguza sauti. Mkeo anaijua maana ile nyingine.

MWALIMU MSTAAFU: Waingereza waliamini kirukanjia akimpita ng'ombe mgongoni, ng'ombe anapooza. Dawa yake, wanatoboa shina la mti, wanamtia kirukanjia mzimamzima, wanaziba. Matawi ya mti huo ndiyo yanampapasa mgonjwa. Gilbert White, mtu wa kanisa, kausimulia mti wa namna hiyo kijijini kwake Selborne, katika kitabu cha mwaka 1789.

BODABODA: Kumbe na wao wana waganga! Halafu wanakuja kutucheka.

DALALI: Nasikia hata Nyerere alitafsiri kitabu cha Shakespeare cha huyo kirukanjia.

MWALIMU MSTAAFU: Hicho hakukigusa. Alitafsiri Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi.

MAMA NTILIE: Mabepari! Hicho ndicho cha Dalali.

DALALI: Tuseme basi ni "mjanja". Nimeridhika.

MAMA NTILIE: Inategemea nani kakuita. Nikisema mwanangu mjanja, nimemsifu. Nikisema dalali mjanja, shikeni pochi.

MWALIMU MSTAAFU: Na Kiingereza ni hivyohivyo. Likitoka kwa aliyefaidika nawe, pokea. Likitoka kwa aliyekulipa, soma meseji hadi mwisho.

BODABODA: Lete simu, kaka. Enhee... anasema kwa kuwa wewe ni "shrewd" sana, kuanzia mwezi ujao kodi atampelekea mwenye nyumba mwenyewe. Fundi na mlinzi atawatafuta yeye.

DALALI: Mwenye nyumba? Namba yake kaipata wapi?

BODABODA: Nilimpa mimi. Nikakata changu.