Heko, Bwana Upele

Watu husema upele humwota asiye na kucha. Msemo huo haukutungwa Kyela. Huku kwetu Bondeni nimemwona mtoto wa mbwa wa miezi miwili, kucha zake 18 zote anazo, anajikuna chini ya mgomba tangu jogoo la kwanza mpaka jua la utosi, na bado kazi haijaisha. Mgeni anayeweza kumshughulisha mwenyeji wake hivyo anastahili sifa, nami nimeona nimpe.

Kwanza ana ukoo. Mwaka 1687 Mwitaliano Giovanni Cosimo Bonomo alimwandikia Francesco Redi barua kuhusu kijidudu alichokiona kwa hadubini katika upele wa binadamu, ndugu wa huyu wa mbwa. Mbu wa malaria alisubiri hadi 1897 ndipo Ronald Ross amfichue kule India. Kwa umri wa umaarufu, basi, mbu ndiye wa kusema shikamoo na upele wa kuitikia marahaba. Lakini mbu ana neti, ana semina na mabango. Upele hana hata kipeperushi, na hajawahi kulalamika.

Halafu ni fundi. Jike halifiki nusu milimita, lakini huchimba handaki ndani ya ngozi, hutaga humo humo, na kwa kama wiki tatu mayai yameshakuwa wazazi. Kiwanja anachokichagua ni pale penye manyoya haba: kingo za masikio, viwiko, tumbo. Manyoya hunyonyoka, ngozi ikaota magamba kama uji uliokaukia sufuriani. Ukitaka kumjua, shika sikio la mtoto wa mbwa, ukunje ukingo wake uusugue kwa kidole gumba. Mara nyingi mguu wa nyuma wa upande huo utaanza kwenda wenyewe, tap tap tap, kama fundi anayekanyaga cherehani hewani.

Ana binamu yake mpole, akaaye kwenye mashina ya manyoya. Mtoto wa mbwa humpata huyo kwa mama siku za kwanza za kunyonya. Hawashi sana, hamhami mbwa kuja kwa mtu; huacha tu vipara kuzunguka macho na mdomo, kama miwani. Vikiwa vichache, aghalabu hupona vyenyewe.

Uvumilivu wa Bwana Upele mimi naustaajabia. Tumemmwagia oili chafu ya gari, ambayo mbwa huilamba ikamdhuru tumboni, upele ukiendelea na shughuli zake. Tumemwogesha kwa dawa ya josho iliyopimwa kwa kizibo cha soda. Nusura mbwa afe. Fundi hana habari.

Kinachomshinda tunakijua siku zote. Kando ya mito Kiwira na Mbaka, mgawa dawa wa kijiji hutupima urefu kwa kijiti na kutuhesabia vidonge vya usubi. Dawa hiyo, ivermektini, ndiyo bwana mifugo humchoma mbwa. Usimvunjie mbwa kidonge chako, wala usikisie sindano ya ng'ombe: mtoto wa kilo 2 hahitaji hata sehemu ya kumi ya mililita, na wa chini ya wiki sita hachomwi. Sindano hurudiwa baada ya wiki mbili, maana mayai huponyoka ile ya kwanza. Mbwa wote wa mji hutibiwa pamoja, na gunia wanalolalia huchomwa moto.

Ila sifa yake kuu ni uwakili. Mbwa wetu alijikuna mwezi mzima, tukasema ndivyo mbwa walivyo. Ndipo upele ukapanda kwa mjukuu, vipele vyekundu mkononi pale anapompakatia. Kwenye ngozi ya mtu upele wa mbwa huwa hazaliani, na vipele hufifia vyenyewe mbwa akishatibiwa. Lakini siku ya pili tu bibi alikuwa ameshika simu, na bwana mifugo akaja na pikipiki. Alimtia mbwa kwenye mfuko, akamtundika kwenye mizani ya kakao: kilo mbili kasorobo. Ndiyo mara ya kwanza mtu kutaka kujua uzito wake.

Baada ya sindano ya pili manyoya yalirudi. Nikamsugua ukingo wa sikio, mguu haukusogea. Fundi amefunga duka. Bibi alisema "ndaga", yaani asante, kwa bwana mifugo, akarudi kugeuza kakao yake juani, na tangu siku hiyo sijaona mtu mzima aliyeinama kumtazama yule mbwa.