Vifaranga, Zapdos na Chaja ya Marekani

Shemeji yangu alipokuja likizo kutoka Marekani alishukia Kigali, akavuka daraja la Rusumo, akatufikia hapa Benaco na begi ambalo mama mkwe alikuwa amekwisha kuligawa kichwani kabla halijafunguliwa. Kitenge hakikuwemo. Vilikuwemo viatu, dawa za meno, na kimashine cha gemu cha kukunja, Game Boy Advance SP, alichokichezea yeye mwenyewe ujanani, kaseti ya Pokémon FireRed ya mwaka 2004 ikiwa bado imo tumboni. Akawapa wapwa zake. Wakasema, "Asante mjomba," kwa sauti moja, na hiyo ndiyo mara ya mwisho walipokubaliana jambo.

Binti ni kifungua mimba, mdogo wake wa kiume ni kitinda mimba, nami nitawaita hivyohivyo, maana ndivyo bibi yao anavyowaita akikasirika. Na mwezi ule alikasirika sana.

Kwa asiyeijua gemu yenyewe: ilianzia Japani mwaka 1996. Unatembea porini, unakamata viumbe kwa mipira, unawafundisha, unawapiganisha. Kila kiumbe ana aina yake, moto, maji, majani, umeme, mwamba, ardhi, na kila aina ina mnyonge wake na mbabe wake. Safarini unaruhusiwa kubeba sita tu. Kwa hiyo mwenye akili huwa hajazi umeme mtupu. Anatenga nafasi moja ya umeme na kuijaza vizuri. Nafasi hiyo moja ndiyo iliyotutoa usingizi.

Kitinda Mimba alikuwa chama cha Pikachu. Alimpata kwa taabu kwenye msitu wa Viridian, ambako haonekani kila mara, na akataka ampe Jiwe la Radi siku ileile walipolinunua ili awe Raichu. Dada yake akamzuia. Hoja yake, nami nilimpa alama zote, ilikuwa kwamba Raichu aliyevushwa kwa jiwe haendelei kujifunza mapigo mapya mwenyewe kadiri anavyokua. Pikachu akisubiri hadi levo ya 26 anajifunza Thunderbolt, pigo lenye nguvu na lisilokosea hovyo. "Ukimvusha leo," alimwambia, "utapata mwili mkubwa usio na kazi." Kitinda Mimba akadhani anasemwa baba yake, akacheka.

Yeye binti alikuwa na mgombea wake. Kwenye jumba moja la mji wa Celadon unapewa Eevee mmoja tu katika gemu nzima. Ukimpa Jiwe la Radi anakuwa Jolteon, mwenye kasi ya 130, wakati Raichu wa gemu ile ana 100. Tatizo la Jolteon ni ulaini. Anapiga kwanza, lakini akirudishiwa moja zito anaanguka. Mimi nilimpendekeza Magneton, nusu umeme nusu chuma, maana chuma kinampunguzia mapigo ya aina nyingi. Watoto wakanikumbusha kwamba akiguswa na pigo la ardhi, maumivu yanazidishwa mara nne. Nikanyamaza.

Mke wangu alikuwa akipita na ndoo. "Na hao wote, nani anatumia yuniti chache?"

Halikuwa swali la mzaha. Yeye anauza maji baridi na juisi kwa madereva wa malori yanayokwenda Rwanda, na friji ndiyo duka lake. Pale sebuleni kulikuwa pia na boksi la vifaranga chini ya bulbu, maana masika usiku wa Ngara haumhurumii kifaranga. Friji, bulbu na redio vyote vilinyonya kwenye ekstensheni moja ya Kichina, yenye matundu yanayopokea pini za nchi yoyote ile. Shikilia hapo kwenye matundu.

Mimi nafundisha biolojia, kwa hiyo sikuweza kuacha mjadala upite bila kuingiza domodomo. Samaki huyu wa Ziwa Victoria, mwenye mdomo uliochongoka kama mkonga, ana umeme wa kweli mwilini. Ni hafifu, hauui hata dagaa, lakini anautumia kupapasa njia na windo kwenye maji machafu usiku. Nikawaambia watoto kwamba huyu ndiye kiumbe wa umeme wa kwetu. Bibi, aliyekuwa amekaa kimya akichambua maharage, akainua kichwa. "Huyo namjua. Analiwa." Kwa maoni yake hilo lilimweka juu ya Pikachu, na sijaona hoja ya kumpinga.

Jambo lililomuumiza Kitinda Mimba kuliko yote ni kushindwa kwa Pikachu mbele ya Brock, bingwa wa kwanza, ambaye viumbe wake ni mwamba na ardhi kwa pamoja. Umeme kwao ni sifuri. Si kidogo, ni sifuri. Alilia akisema gemu imeharibika. Ikabidi nimpeleke nyuma ya nyumba nimwonyeshe fimbo ya shaba iliyochimbiwa ukutani, na waya wa ethi unaoshuka hadi kwake. Fundi aliizika pale ili umeme ukipotea njia umezwe na udongo badala ya kummeza mtu. Mtoto akaitazama ile fimbo kwa chuki.

Ndipo dada yake alipomwambia habari za Zapdos. Huyu ni umeme na ndege, anaruka, kwa hiyo ardhi haimpati. Anaogopa mwamba na barafu tu. Yuko mmoja, levo ya 50, anakaa ndani ya mtambo wa kufua umeme uliotelekezwa. Na ule mpira usiokosa, Master Ball, mkuu wa kampuni ya Silph anakupa mmoja pekee. Basi vyama vyote vikavunjwa, ukafanyika mkataba: mpira ule haurushwi kwa yeyote isipokuwa Zapdos, na watakaporusha wote wawe macho, bibi akiwemo.

Kwa watoto wa Benaco mtambo wa umeme si hadithi. Rusumo iko hapo karibu, megawati 80 za mto Kagera zinazogawanywa sawa kwa Tanzania, Rwanda na Burundi, na njia ya kilovolti 220 inayokwenda hadi Nyakanazi kule Biharamulo. Sisi tulioishi enzi za jenereta za dizeli tunaiona Rusumo kama maendeleo. Kitinda Mimba aliiona kama kiota. Aliniuliza kwa uzito wote kama wale walinzi wa getini wamewahi kumwona ndege wa manjano.

Shemeji akarudi Marekani. Muda wote aliokuwa nasi alichaji kile kimashine kwa kupitia kiboksi chake kizito cha kushusha umeme, na kiboksi akaondoka nacho. Chaja akaiacha. Mgongoni imeandikwa volti 120, na soketi zetu zinatoa 230. Anasema kabla ya kuondoka alimwambia mtu asiichomeke hivihivi. Kila mtu nyumbani anaapa kwamba mtu huyo si yeye.

Usiku wenyewe watoto walikuwa wamesevu ndani ya mtambo, hatua chache kutoka kwa Zapdos, taa ya betri ikawa nyekundu. Kitinda Mimba akaichukua chaja, pini zake bapa zikaingia kwenye ile ekstensheni bila ubishi wowote. Kwanza ikaunguruma. Halafu ikanuka. Halafu pakasikika mlio mfupi, na nyumba nzima ikawa giza, bibi akatamka neno la Kihangaza ambalo wajukuu wake bado wananiuliza maana yake.

"Wamekata," mke wangu akasema. Akafungua dirisha. Kwa jirani taa zinawaka, wanaangalia mpira. Basi si wao, ni sisi, yuniti zimekwisha. Akanunua nyingine kwa simu, nikashika tochi, akaingiza zile tarakimu 20 kwenye mita ya LUKU. Mita ikapokea kwa heshima, na giza likabaki palepale. Nikapandisha swichi kubwa kwenye boksi. Ikashuka. Nikapandisha tena, ikashuka kwa hasira zaidi. Nikatoa nadharia kwamba radi imepiga nguzo, ingawa nje palikuwa na nyota.

Hapo vifaranga wakaanza. Kifaranga mwenye baridi halii kama mwenye njaa. Analia mfululizo, kwa sauti nyembamba inayokuhukumu. Kifungua Mimba akawa anawahesabu kwa tochi, mdogo wake anatetemeka kuliko wao, maana kila mmoja wao alikuwa amempa jina la Pokémon na aliyelala pembeni bila kusimama alikuwa Jolteon. Mke wangu alisimama kati ya friji na boksi asijue amwokoe nani kwanza. Juisi ya madereva wa kesho iko huku, mayai ya mwakani yako kule.

Bibi hakuuliza mtu. Alikwenda jikoni, akachochea kuni, akachemsha sufuria mbili za maji, akayamimina kwenye madumu ya lita tano, akayafunga kwa khanga na kuyasimamisha kwenye pembe za boksi. Juu akatandaza gunia, akaacha upenyo wa hewa. Vifaranga wakayasogelea madumu, kelele zikapungua, Jolteon akainuka na kumkanyaga Magneton. Kisha bibi akanusa, akafuata harufu hadi kwenye ekstensheni, akauliza, "Na hiki kilichoungua bado mmekichomeka cha nini?"

Tukachomoa. Nikapandisha swichi. Taa zikawaka, friji ikakohoa ikaanza kuvuma. Hakuna aliyesema kitu kwa muda, na mimi nadhani bibi aliufurahia muda huo.

Kimashine chenyewe kilikuwa kizima. Chaja ndiyo iliyokufa ikikilinda. Dada yake mke wangu anaishi Biharamulo mjini, akasema kuna fundi wa redio na simu chini ya lile boma la Mjerumani ambaye hakuna asichounga. Nikapanda basi na Kitinda Mimba, tukapita Nyakahura na Lusahunga, mtoto amekipakata kile kimashine mapajani kama mgonjwa wa rufaa. Fundi akasoma maandishi ya kwenye chaja iliyoungua: inatoa volti 5.2. Akacheka. Chaja ya simu yoyote inatoa volti 5. Alichohitaji ni kukata ule mdomo wa waya wa zamani na kuulehemu kwenye waya wa chaja ya simu. Lakini foleni ilikuwa ndefu, akasema tukiache, atakijaribu vizuri, atakituma kwa dereva wa basi.

Kikaja, kimejaa chaji, waya umefungwa tepu nyeusi kwa ustadi. Tukakusanyika kama mkataba ulivyotaka, bibi akavuta kigoda. Kifungua Mimba akafungua. Akatafuta kwenye mfuko. Akatafuta tena. Master Ball haikuwemo.

Wenye kuujua mtambo ule wanajua kwamba mipira iliyolala sakafuni si yote ni vitu vya kuokota. Miwili kati yake ni Electrode, kiumbe wa umeme aliye mviringo kama mpira wenyewe, anayemngoja mjinga amwinamie. Nikampigia fundi simu. Akamwita kijana wake anayejifunza kazi. Kijana akakiri bila kuona haya: alikuwa anapima kama chaji inakaa, akaona kitu chini, akakiokota, kikamrukia. "Nikafungua begi, mwalimu, nikatumia ule mpira mzuri kuliko yote. Na nikamkamata mara moja!" Na akasevu, kwa sababu ni kijana mwenye nidhamu.

Kitinda Mimba aliugua kabisa, akakataa ugali. Dada yake alichukua daftari akafanya hesabu, akarudi na taarifa kwamba Electrode ana kasi ya 140, na katika wale 151 wa mwanzo hakuna anayempita, hata Mewtwo. Akataka nafasi ya umeme apewe Electrode. Mdogo wake akasema heri nafasi ibaki wazi. Kwa wiki kadhaa yule kijana wa Biharamulo alikuwa akimpigia mama mkubwa wa watoto kuulizia hali ya Electrode, amefika levo gani, na mimi napelekewa ujumbe huo shuleni nikiwa nasahihisha mitihani.

Zapdos alikamatwa na mke wangu. Sijui alianza lini. Watoto wakilala yeye hukaa akingoja barafu zigande, na nadhani kimashine kilikuwa mezani. Alimpunguza nguvu hadi mstari ukawa mwekundu, akampooza kwa Thunder Wave ya Magneton wangu, niliyekuwa nimeambiwa hafai, akamrushia Ultra Ball za dukani hadi mmoja ukakubali. Gemu ikamuuliza ampe jina gani.

Asubuhi Kitinda Mimba alifungua, akapiga kelele za furaha, kisha akanyamaza. Ndege wa radi, mmoja pekee duniani, alikuwa anaitwa LUKU. Yuko mzee kwenye mji wa Lavender anayebadilisha majina, na mtoto alishafika mlangoni kwake. Mama yake alikuwa amesimama nyuma yake na ndoo.

"Ubadilishe uone," akamwambia.