Ombi la Kuazimwa Baba

Kwa Katibu Mkuu,
Ofisi ya Rais, Menejimenti ya Utumishi wa Umma na Utawala Bora,
Mji wa Serikali, Mtumba, Dodoma.

YAH: OMBI LA KUAZIMWA BABA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Sisi ni majirani zenu wa Mtumba. Vijana wetu wana shahada, wamejisajili Ajira Portal, na kila baada ya usaili wanaambiwa uzoefu hautoshi. Tumekaa tukatafakari: vyeti havina tatizo. Tatizo ni ile sehemu ya jina la baba, ambayo tumekuwa tukiijaza harakaharaka kana kwamba haina maksi.

Ushahidi upo. Zanzibar, Amani Karume alikalia kiti cha baba yake kuanzia 2000 hadi 2010, na tangu 2020 yuko Hussein Mwinyi, ambaye mzee wake naye aliwahi kukikalia. Ofisi yenu yenyewe, Novemba 2025, ilikabidhiwa Ridhiwani Kikwete, mtoto wa rais mstaafu. Katika baraza hilohilo la mawaziri mkwe wa Rais yuko Afya, na binti wa Rais ni naibu waziri wa Elimu. Hatuna wivu. Huo ndio uzoefu wenyewe. Kuna wanaoanza kuupata wakiwa bado wananyonya.

Wataalamu husema mkoa hukua kwa mvua, barabara na mtaji. Huku kwenye ukame tumeona kingine: hukua kwa kuwa kwao fulani. Mkataba wa bandari ya Bagamoyo ulisainiwa 2013, rais akiwa wa hukohuko. Mwaka 2019 mrithi wake, mtu wa Chato, akaukataa. Chato ikajengewa uwanja wa ndege. Mwekezaji mwenye akili, kabla ya kupima udongo, atapima ukoo.

Sisi je? TANU iliamua 1973 kuhamishia makao makuu Dodoma. Safari yenyewe ikashika kasi 2016. Miaka 43! Mzee wetu John Malecela wa Mtera, Waziri Mkuu wa 1990 hadi 1994, aliomba urais 2005 na jina likakatwa, tena hapahapa Dodoma. Angepita, pengine leo zabibu za Hombolo zisingehangaika kutafuta soko.

Kwa hiyo tunaomba muundo wa utumishi uongezewe kada ya Baba wa Mkoa, wa kuazimwa kwa miaka mitano mitano. Awe na watoto wengi na wakwe wachangamfu. Posho tutachangishana.

Sharti ni moja: mwisho wa wiki alale huku. Watumishi wenzake, ikifika Ijumaa jioni, tunawaona stesheni wakigombania treni ya Dar es Salaam, mishahara mifukoni.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Watoto wa wakulima, Mtumba