Tisa Hadi Moja: Gripu na Pedi ya Tezi kwenye Ubao wa Kafi

Ubao mpya wa kafi unapendeza mno ukiwa umeegemezwa ukutani. Mgongo unang'aa, na kila apitaye anataka kupiga nao picha. Mambo hubadilika ukiushusha majini Paje au Diani, ukapanda kwa miguu iliyolowa, kumbe aliyeujaribu kabla yako alijipaka mafuta ya nazi kuanzia utosini hadi nyayoni. Hapo ndipo utakapoijua thamani ya gripu, ile sponji ngumu yenye mifereji inayobandikwa mgongoni mwa ubao, pamoja na pedi ya tezi, ile yenye kisigino kilichoinuka inayokaa nyuma kabisa.

Mbao nyingi hutoka kiwandani na gripu yake. Zipo zisizo nayo, zipo ambazo imeishia katikati, na zipo za mkono wa pili ambazo imebaki vipande vipande. Basi tuhesabu kwa kurudi nyuma: tunaanza na lile linalopigiwa kelele zaidi na kuwa na uzito mdogo, tunamaliza na lile linaloamua kama utasimama au utaogelea.

9. Rangi, maana bila kumaliza ugomvi huu hamtanisikiliza

Nyeusi inaficha uchafu, nakubali. Lakini inalinywa jua lote la saa saba mchana, na ukiikanyaga kwa unyayo mtupu utacheza ngoma ambayo hukufundishwa unyagoni wala jandoni. Nyeupe haichomi, ila inaonyesha alama ya kila mguu uliopita. Mimi nasimama na kijivu hafifu au rangi ya mchanga. Mpenzi wa nyeusi asikate tamaa: aumwagie ubao maji kabla ya kupanda, mapenzi yataendelea.

Hapo hapo tumalizane na umbo la mifereji. Mistari, almasi, magamba ya mamba, yote yanashika. Swali ni magoti yako. Anayeanza hupiga magoti muda mrefu kuliko anavyosimama, na mifereji mikali itamchuna. Gripu laini ya unene wa milimita 3 hadi 5 inamtosha. Yenye meno tuwaachie wanaokwenda kwenye mawimbi.

8. Nta

Wapanda mawimbi walipaka nta miaka mingi kabla ya sponji, na wengi wanapaka hadi leo. Herbie Fletcher wa California alipoanzisha pedi za Astrodeck mwaka 1976, alikuwa akiwauzia watu waliozoea kusugua kipande cha nta kila wanapotaka kuingia majini.

Kwenye ubao mfupi nta ina heshima yake. Mwenye ubao huo hulala kifudifudi muda mwingi na kusimama sekunde chache. Wewe wa kafi unasimama saa nzima, juani, na nta hulegea kwenye joto, ikaokota mchanga, ikawa msasa wa magoti. Hata ile inayotengenezwa kwa maji ya tropiki haipendi kuachwa ufukweni adhuhuri. Na usiipake juu ya gripu hata siku moja: itajaza mifereji, na mifereji ndiyo uliyoilipia. Nta na gripu hazikai nyumba moja.

7. Sukari. Ndiyo, ile ya chai

Hii ni kwa mafundi na kwa wanaojitengenezea ubao wenyewe. Unapopaka koti la mwisho la resini mgongoni, kabla halijakauka, nyunyiza sukari sehemu ya miguu, nyingi, kwa usawa. Acha resini iive kabisa. Kisha osha kwa maji: sukari inayeyuka na kuondoka, inaacha vishimo vidogo vinavyokwaruza vizuri, visivyo na makali ya mchanga. Ukitaka vishimo vidogo, tumia sukari laini. Ukitaka vya nguvu, tumia ya chenga kubwa. Mbinu hii haiongezi uzito wala haibanduki, kwa sababu hakuna kilichobandikwa. Watoto wakiuliza sukari imekwenda wapi, waambie iko baharini.

Inakosa kitu kimoja tu, ulaini. Ukisimama muda mrefu, nyayo zitaikumbuka sponji.

6. Ubao wa kujaza upepo

Huu kwa kawaida umeshabandikwa gripu kiwandani, kwa hiyo kilichobaki ni pedi ya tezi, na wengi hawaihitaji. Ukiitaka, ujaze upepo kwanza hadi kiwango chake cha kazi, mara nyingi psi 12 hadi 15, ndipo ubandike. Pedi iliyobandikwa kwenye ubao uliolegea itavutwa siku ubao utakapojaa, na kingo zitafumuka. Gundi iwe ya PVC, ile inayoziba boti za mpira. Siku ya kuukunja, anzia omo umalizie tezi. Pedi itakaa tabaka la nje ambako mkunjo si mkali, na valvu, ambayo kwa kawaida iko huko huko nyuma, itatoa pumzi ya mwisho bila kubanwa.

5. Pedi kuukuu

Kuna watu wanabandika pedi mpya juu ya kuukuu. Ndugu zangu, hiyo ni ghorofa, na msingi wake umeoza.

Ing'oeni. Azima kikaushio cha nywele, ukiazime kwa adabu na ukirudishe bila mchanga, upashe kona moja kwa moto mdogo hadi gundi ilegee. Inua kona kwa vidole. Kisha chukua mshipi wa kuvulia, ufunge kila ncha kwenye kijiti, uupitishe chini ya pedi na uvute kulia na kushoto, kama msumeno, huku mtu mwingine akikunja pedi kuelekea nyuma. Mshipi unakata gundi bila kugusa rangi, jambo ambalo kisu hakitakufanyia hata ukibembeleze. Mabaki ya gundi yanatoka kwa kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo, halafu sabuni nyingi ya kuondoa hayo mafuta yenyewe. Asetoni iweke mbali. Ikipenya kwenye ufa ikafika kwenye polistireni iliyo ndani, itaiyeyusha, na utakuwa na shimo pale ulipotaka pedi.

Na usiitupe hiyo uliyong'oa. Ni sponji ya EVA, ambayo ndala nyingi hutengenezwa kwayo, na haiozi. Tumeona pwani yetu inavyobeba mzigo huo: jahazi la Flipflopi, lililojengwa Lamu kwa plastiki iliyorejelewa na kushushwa majini 2018, lilivikwa ndala zipatazo 30,000 zilizookotwa ufukweni. Kata vipande vya pedi yako uvifunge kwenye keria ya gari. Ubao utasafiri bila kukwaruzwa, na bahari haitakuwa na la kukudai.

4. Matundu yasiyotaka kuzibwa

Mbao ngumu nyingi zina skrubu ndogo au kifuniko cha upumuaji mgongoni. Ndani ya ubao kuna povu na hewa. Jua likiwaka hewa inatanuka na inahitaji njia. Ziba njia hiyo kwa gripu uone: faiba itaachana na povu, na mgongo utavimba kama andazi. Tafuta tundu hilo kabla ya kufungua pakiti, kisha kata duara lenye nafasi ya kidole kulizunguka. Tundu la kamba ya mguu kule tezi nalo lisifunikwe. Na shimo la mkono katikati liache wazi, isipokuwa kama unapanga kubeba ubao kwa meno.

3. Sabuni kabla ya gundi

Gundi hushika chochote itakachokikuta kwanza. Ikikuta chumvi, itaishika chumvi kwa uaminifu wote, na siku moja pedi na chumvi vitaondoka pamoja.

Osha kwa sabuni na maji ya bomba au ya mvua. Visima vingi vya pwani vina maji ya magadi na chumvi, kwa hiyo ukisuuzia hayo umerudisha ulichoondoa. Acha ukauke kabisa. Kama mgongo unang'aa kioo, upitishe msasa laini, namba 240 hivi, ndani ya mstari wa pedi tu (utauchora kwenye nambari 1), hadi mng'aro ufifie. Futa vumbi. Kisha chukua spiriti na kitambaa cheupe, ufute, ugeuze kitambaa, ufute tena, mpaka kirudi cheupe kama kilivyokwenda. Baada ya hapo pasiguswe. Mkono uliopaka krimu ya jua asubuhi bado una krimu saa nne, hata kama mwenye mkono anaapa.

2. Gundi, kivuli na subira

Pedi huja na gundi yake nyuma, chini ya karatasi. Gundi hiyo inataka mgandamizo na muda. Ibandike kivulini, saa nne au saa tano asubuhi, umande ukiwa umekwisha na ubao haujawa kikaango. Kusi ikivuma ingia ndani, maana upepo ule hubeba mchanga na mchanga haukaribishwi kwenye shughuli hii.

Pedi ya vipande vitatu inaanza na kipande cha kati. Kiweke juu ya mstari wako na karatasi yake, kikae sawa, kisha banua sentimita kumi tu za karatasi upande mmoja na uzikunje nje. Gandamiza hizo kumi. Sasa vuta karatasi iliyobaki kidogo kidogo kwa mkono mmoja, mkono wa pili ukifuata na kitanga, kutoka katikati kwenda ukingoni, hewa ikisukumwa nje. Ukiiweka yote kwa mkupuo utafungia hewa ndani, na kiputo kitakachobaki itabidi ukitoboe kwa sindano. Vipande vya pembeni viachie mwanya wa milimita chache, maji na mchanga vipate pa kutokea.

Halafu kingo. Pedi haijawahi kufia katikati. Hufa kwa kubanduka pembeni. Pitisha kidole gumba kwa nguvu ukingo mzima, mzunguko baada ya mzunguko. Kona zozote kali zikatwe mviringo kwa mkasi kabla ya kubandika, maana kona kali ndiyo inayonaswa na kidole cha mguu.

Kisha ngoja saa 24.

"Kaka, saa mbili hazitoshi? Maji yamejaa."

Hazitoshi, mdogo wangu. Maji yatakupwa, yatajaa tena, na kesho yatajaa tena. Gundi inakomaa mara moja tu.

1. Miguu yako ndiyo fundi mkuu

Vijana wa ufukwe wa Waikiki, Hawaii, waliosimama juu ya mbao zao ndefu wakiwa na kafi mkononi, walisimama ili waone: wawaangalie wageni waliokuwa wakiwafundisha, waone wimbi linalokuja. Miaka ya 1990 wapanda mawimbi Laird Hamilton na Dave Kalama waliufanya mtindo huo uvume kutoka Maui. Jicho la mpiga kafi tangu mwanzo liko mbele. Unatazama wimbi, unatazama ngalawa inayokatiza, unatazama mwamba unaochungulia maji yakipwa. Huna jicho la kuangalia miguu. Kwa hiyo miguu lazima ijue yenyewe iko wapi, na kazi kubwa ya gripu na pedi ni kuiambia. Kuzuia utelezi ni nusu ya kazi.

Ndiyo maana sikubaliani na anayebandika kwa kutazama picha ya pakiti. Picha ile haijawahi kukutana na miguu yako.

Anza kwenye maji yaliyotulia. Simama miguu ikiwa pande mbili za shimo la mkono, upana wa mabega, vidole vikielekea omo. Sogea mbele au nyuma hadi ubao ulale sawa, omo isiinuke na tezi isizame. Kumbuka kifundo cha mguu kiko wapi ukilinganisha na lile shimo. Rudi ufukweni, vua pezi, laza ubao kwenye mchanga, ufute mgongo ukauke, lowesha nyayo na usimame pale pale. Shika kafi, upige hewa kulia na kushoto kama unavyopiga maji. Wapita njia watacheka. Wape salamu, endelea. Mguu wa kulia utateleza sentimita kadhaa nyuma, kisigino kitageuka nje kidogo, na ukishuka utaona nyayo zako za maji mgongoni mwa ubao, pana kuliko ulivyodhani. Jua linazikausha upesi, kwa hiyo mwenzako awe na chaki tayari azizungushie. Gripu ifunike alama hizo zote, na shubiri moja zaidi kila upande, hasa nyuma.

Sasa tezi. Kama safari zako ni kuzunguka mikoko ya Mida Creek na kurudi, pedi ya tezi huihitaji. Fedha yake nunulia kafi jepesi, mabega yatakuombea dua. Inakuwa ya lazima kwa mambo mawili: kupanda mawimbi, na kugeuza ubao kwa kurudi nyuma hadi omo inyanyuke na tezi ikazama. Katika yote mawili mguu wa nyuma unatua kwa upana juu ya mapezi, na kile kisigino cha pedi kinauambia mguu: mwisho ni hapa, hatua inayofuata ni maji.

Usibanue karatasi bado. Ishike pedi kwa tepu ya wapaka rangi mahali unapodhani inastahili, kisigino kikiwa mbele ya tundu la kamba. Simama kwenye shimo la mkono, fumba macho, upige hatua ya kurudi nyuma kama unageuza ubao. Unyayo ukigonga kisigino kabla hatua haijakamilika, irudishe pedi nyuma kidogo. Ukitua bila kukigusa, ilete mbele. Rudia, badilisha mguu, rudia. Mguu ukishafika pale pale mfululizo bila jicho kuusaidia, chora mstari kuzunguka pedi, vuta tepu, na uende kwenye nambari 3, ndoo ya sabuni inakusubiri.